Keki za roho, barmbrack, pan de muerto au mizuka ya meringi: uoke kipi kwa usiku wa hadithi?

Anayetaka kuoka kitu cha kuliwa huku hadithi za mizimu zikisimuliwa hukwama mapema, maana vya kuchagua ni vingi na kila kimoja kina madai yake. Kipo kinachokandwa tangu asubuhi, na kipo kinachomalizika ndani ya saa moja na nusu. Kimoja hukaa wiki mbili kwenye kopo. Kingine siku ya tatu kimeshapoteza utamu wake. Hapa tunaweka vinne ubavu kwa ubavu: keki za roho za Uingereza, barmbrack (mkate wa zabibu) ya Ayalandi, pan de muerto (mkate wa wafu) ya Meksiko, na mizuka midogo ya meringi, yaani ute wa mayai uliopigwa na sukari ukakaushwa, ambayo haina nchi moja inayoweza kuidai.

Nyumba ya biskuti za tangawizi tumeiacha kwa makusudi. Ile ni kazi ya ujenzi kuliko uokaji. Na katika ngano ya Hansel na Gretel ilivyochapishwa na ndugu Grimm mwaka 1812, nyumba ya yule ajuza wala haikuwa ya tangawizi: ilijengwa kwa mkate, ikaezekwa kwa keki, na madirisha yake yalikuwa ya sukari.

Vigezo

Cha kwanza ni mahali hadithi inapokaa. Watu wengi hukiruka kigezo hiki wakakimbilia ladha, kumbe ndicho kinachotenganisha kitamu chenye hadithi na pambo la mezani. Katika keki za roho hadithi imo katika kupeana: keki isiyopita mkono kwa mkono ni biskuti tu. Katika barmbrack imefichwa ndani ya mkate. Katika pan de muerto imo kwenye umbo, na pia mahali mkate unapowekwa. Mizuka ya meringi hadithi yake yote ni sura.

Kigezo cha pili ni muda, na hapa utenganishe muda wa kazi na muda wa kusubiri. Saa sita za pan de muerto haziogopeshi ukijua kwamba karibu tano kati ya hizo unga unajifanyia kazi wenyewe. Cha tatu ni mkono na vifaa. Cha nne ni hewa ya jikoni pamoja na uhifadhi, kwani unyevunyevu na joto huharibu vitamu hivi kwa njia zisizofanana. Cha mwisho ni walaji: umri wao, na wasichoweza kula.

Vipimo vyote ni vya mizani. Yai ni la takriban gramu 50 bila ganda, kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula mililita 15. Joto ni la oveni isiyo na feni. Yenye feni ipunguzie nyuzi 20, isipokuwa kwa meringi, ambayo inatosha kuipunguzia 10.

Keki za roho

*Hadithi yake.* Zilihusu siku mbili za mwanzo wa Novemba: Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 na Marehemu Wote tarehe 2. Maskini na watoto walipita mlango kwa mlango wakiimba na kuomba keki, na aliyepewa aliwaombea marehemu wa nyumba ile. Keki moja, sala moja. Desturi hii ilikawia kufa katika maeneo ya Cheshire na Shropshire. Alama ya msalaba juu ya keki ndiyo inayoitofautisha na biskuti nyingine za viungo.

*Viungo na kazi.* Siagi laini gramu 175, sukari laini gramu 175, viini vya mayai 3, unga wa ngano gramu 450, zabibu ndogo kavu gramu 100, vijiko viwili vya chai vya viungo vilivyosagwa (mdalasini, kungumanga na karafuu kidogo), chumvi kiasi cha kufinya, na maziwa vijiko vitatu hivi vya chakula. Piga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe na nyepesi, ongeza kiini kimoja kimoja, kisha mimina unga na viungo. Maziwa yaingie mwisho, kijiko kimoja kimoja, na uache pale tu unga unaposhikamana. Tandaza unene wa sentimita 1 na ukate duara za sentimita 7. Utapata kama 20. Zipumzishe kwenye friji dakika 30, chora msalaba kwa mgongo wa kisu mpaka nusu ya unene, kisha oka nyuzi 180 kwa dakika 15 hadi 18, kingo zikianza tu kugeuka rangi ya dhahabu.

*Panapoharibika.* Keki zikitambaa na kuungana kwenye trei, siagi ilikuwa imelainika mno au zile dakika 30 za friji zimerukwa. Msalaba ukifutika, ulichorwa juujuu: unga unapopanda huziba mstari wowote usiofika katikati ya unene wake. Keki zikiwa ngumu kama kigae, mara nyingi aliyeoka alitia yai zima akidhani anaokoa ute. Ute huleta maji na protini inayokazana motoni, ilhali kiini huleta mafuta yanayofanya keki imumunyike. Zabibu zilizochungulia juu huungua na kuwa chungu, kwa hiyo zisukume ndani kwa kidole kabla ya trei kuingia.

*Kuhifadhi.* Wiki moja kwenye kopo lililofungwa vizuri. Mbichi zilizokatwa hukaa kwenye jokofu la kugandisha kwa miezi miwili. Ziokwe zikiwa bado zimeganda, ukiongeza dakika mbili.

*Zinamfaa nani.* Mwenye wageni wengi wanaoingia na kutoka, mwenye watoto wanaotaka kushika kisu cha kuchorea, na yeyote anayetaka zawadi ya kufungwa kwenye karatasi. Hazimfai anayetafuta kitu cha kutisha, kwa kuwa keki ya roho ukiitazama haina hata chembe ya kutisha.

Barmbrack

*Hadithi yake.* Kwa Kiayalandi ni *bairín breac*, mkate wenye madoa, na madoa yenyewe ni zabibu. Ni mkate wa Halloween, usiku ambao mizizi yake iko katika Samhain, sikukuu ya Wakelti ya kufunga mavuno, ambapo iliaminika kwamba mpaka kati ya walio hai na wa ulimwengu mwingine umelegea. Ndani ya mkate vilifichwa vitu, na kilichoangukia kipande chako ndicho kilichokutabiria mwaka. Pete ilikuwa ndoa kabla mwaka haujaisha. Sarafu, utajiri. Kitambaa, ufukara. Punje ya njegere, mwaka mwingine bila ndoa. Kijiti, ndoa isiyo na raha. Mpaka leo pete ndiyo inayokutwa zaidi katika barmbrack za kununua huko Ayalandi.

*Viungo na kazi.* Yako matoleo mawili. La zamani ni la hamira, na kazi yake haiko mbali na ya pan de muerto. Tunalolilinganisha hapa ni la chai, ambalo ndilo rahisi kuliko vyote vinne. Usiku wa kuamkia siku ya kuoka, loweka zabibu kavu za aina mchanganyiko gramu 350 na sukari ya kahawia gramu 150 katika mililita 300 za chai ya rangi, kali na ya moto. Asubuhi ongeza yai 1 lililopigwa, unga wa ngano gramu 250, beking pauda vijiko viwili na nusu vya chai, viungo vya keki kijiko kimoja na nusu cha chai, na chumvi kidogo. Koroga mpaka unga mkavu usionekane, basi. Mimina kwenye kopo la mkate la sentimita 23 kwa 13 lililotandikwa karatasi ya kuokea, na uoke nyuzi 170 kwa dakika 65 hadi 75. Hakuna siagi ndani. Siagi hupakwa juu ya kipande wakati wa kula.

*Panapoharibika.* Kosa kubwa ni haraka. Zabibu zilizolowekwa saa moja badala ya usiku mzima huacha chai nyingi bakulini: rojo linakuwa jepesi, matunda yanazama, na chini ya mkate unabaki mstari mbichi unaonata. Rojo sahihi ni zito, huanguka kijikoni kwa mafungu na halimiminiki. Kijiti cha kupimia nacho hudanganya, kwani kikipita kwenye zabibu hutoka kimelowa hata kama mkate umeiva. Choma sehemu tatu tofauti, au tumia kipimajoto: katikati isome nyuzi 96 au zaidi. Juu pakianza kuwa cheusi kabla ya saa moja, funika kwa karatasi ya alumini. Mpasuko katikati ya mgongo ni wa kawaida, usikusumbue.

Kuhusu vitu vya ndani, umakini unahitajika. Usivioke ndani ya rojo. Mkate ukishapoa kabisa, ugeuze, pasua mwanya mdogo chini kwa ncha ya kisu, kisha sukuma pete iliyochemshwa na kuzungushiwa ukanda wa karatasi ya kuokea wenye mkia wa sentimita tatu au nne. Mkia huo ndio unaomwonya mlaji: huonekana kabla jino halijakutana na chuma. Pete isiwe na jiwe. Punje ya njegere, kijiti na kitambaa navyo vifungwe hivyo hivyo, kwa kuwa ndani ya mkate vinanyonya unyevu na vinaweza kumezwa bila kujulikana. Watangazie walaji kabla ya kukata. Penye watoto wadogo, achana na vitu kabisa: andika utabiri kwenye vikaratasi na uweke kimoja chini ya kila kipande sahanini. Mchezo haupungui.

*Kuhifadhi.* Usiukate siku ulipookwa. Ukifungwa kwenye karatasi na kukaa usiku mmoja, unyevu wa matunda husambaa na mkate hukatika vipande safi badala ya kuvunjikavunjika. Baada ya hapo hukaa siku tano hadi saba, na hugandishwa kwa miezi mitatu bila madhara.

*Inamfaa nani.* Mwenye kundi la watu sita hadi kumi wanaokaa meza moja, asiye na mashine, na asiyejiamini katika uokaji. Haifai kwa karamu ambayo watu wanapita wakichukua chakula, maana utabiri unahitaji hadhira.

Pan de muerto

*Hadithi yake.* Huu ni mkate wa Siku ya Wafu ya Meksiko. Kwa kawaida tarehe 1 Novemba ni ya watoto waliofariki, na tarehe 2 ni ya watu wazima. Mkate huwekwa kwenye madhabahu ya nyumbani pamoja na picha za marehemu, mishumaa, maji, chumvi na maua ya rangi ya machungwa yaitwayo cempasúchil. UNESCO iliiingiza sikukuu hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Umbo lililoenea ni duara lenye mifupa iliyopishana na tufe dogo juu, ambalo ni fuvu. Kila eneo lina lake, lakini: Oaxaca huoka mkate wa viini vingi na kuchomeka kijisura kilichopakwa rangi.

Jambo moja ni la kulishika kabla hujapima unga. Mkate huu haukusudiwi kumtisha mtu. Marehemu anakaribishwa nyumbani, mkate ni chakula chake cha safari. Ukiuweka kati ya popo wa plastiki na damu ya bandia, umeukata ulimi.

*Viungo na kazi.* Unga wa mkate wenye protini nyingi gramu 500, sukari gramu 100, hamira ya chengachenga ya papo hapo gramu 10, chumvi gramu 6, mayai 3, maziwa ya vuguvugu mililita 120, siagi laini gramu 120, maganda ya machungwa mawili yaliyokunwa, mbegu za anisi kijiko cha chai, na ukipenda, maji ya maua ya mchungwa kijiko kimoja cha chakula. Kwa kumalizia: yai jingine lililopigwa la kupaka, siagi iliyoyeyushwa gramu 40 na sukari gramu 80.

Changanya vyote isipokuwa siagi, ukande dakika 8 mpaka donge liwe nyororo, ndipo siagi iingie kipande kimoja kimoja, dakika 8 hadi 10 zaidi. Donge limekuwa tayari pale unapoweza kuvuta kipande kidogo kikawa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika. Acha liumuke saa moja na nusu hadi mbili mpaka liwe mara mbili yake. Hapo una takriban kilo moja, inayotosha mikate miwili: kila mkate gramu 400 za mwili, gramu 80 za mifupa na gramu 20 za fuvu.

Mifupa ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo tukae hapo. Tenga donge la mifupa na mafuvu mapema, likandie kijiko kimoja cha chakula cha unga mkavu, kisha liweke kwenye friji. Umbia miili kuwa duara zilizokazwa juu na uziache ziumuke dakika 45. Sasa toa lile donge baridi, chukua gramu 40, viringisha liwe kamba ya sentimita 20. Tandaza vidole vitatu juu ya kamba, bonyeza na usukume mbele na nyuma huku vidole vimeachana. Panapopita kidole pananywea. Kati ya kidole na kidole panabaki kifundo. Huo ndio mfupa. Paka yai mahali utakapolala, weka wa kwanza, wa pili uukate juu yake, na ncha zote zifike chini ya mkate ili zisibanduke. Toboa shimo kwa kidole pale zinapokutana, lipake yai, kisha kandamiza fuvu ndani. Subiri dakika 20 zaidi, paka yai pote, oka nyuzi 175 kwa dakika 30 hadi 35, mpaka katikati isome nyuzi 90. Ukishapoa kiasi cha kushikika, upake siagi na kuunyunyizia sukari.

*Panapoharibika.* Mifupa ikivimba na kuyeyukia mwilini, iliwekwa mapema ikaumuka sambamba na mkate. Ndiyo sababu ya unga wa ziada na friji. Fuvu likiviringika na kuanguka ndani ya oveni, lilikaa juu bila shimo. Donge likitoa mafuta na kuteleza mikononi, siagi imeyeyuka: jikoni penye joto la kupita nyuzi 28 lirudishe kwenye friji dakika 20 kabla ya kuendelea. Lisipoumuka kabisa, maziwa yalikuwa ya moto mno yakaua hamira. Yawe ya nyuzi 35 hadi 38. Likiumuka polepole tu, vumilia, kwani sukari ya asilimia 20 ya unga huinyang'anya hamira maji. Rangi hukolea haraka kwa sababu ya sukari, maziwa na mayai, kwa hiyo funika kwa karatasi ya alumini kuanzia dakika ya 18 hivi. Sukari ikigeuka maji juu ya mkate, ulinyunyiziwa ungali moto au ulifungwa kwenye plastiki.

*Kuhifadhi.* Siku ya kwanza ni utamu mtupu, ya pili ni mzuri, ya tatu unafaa kuchomwa na kuchovywa kwenye kinywaji cha moto. Ugandishe kabla ya sukari, mwezi mmoja.

*Unamfaa nani.* Anayejua tayari kukanda mkate wa siagi, au mwenye siku nzima na subira ya kujifunza. Zaidi ya hayo, anayekumbuka mtu.

Mizuka ya meringi

*Hadithi yake.* Mzuka wa shuka jeupe asili yake ni sanda. Uingereza wafu walizikwa wamefungwa sanda, na kuanzia 1666 sheria zikaagiza iwe ya sufu. Picha ya maiti aliyetoka kaburini na sanda yake ikabaki katika hadithi hata baada ya majeneza na nguo za kawaida kuenea. Meringi inafaa umbo hilo kuliko unga wowote: ni nyeupe, ina mikunjo, na inaishia na ncha iliyopinda.

*Viungo na kazi.* Ute wa mayai 3 (gramu 100 hivi), sukari laini gramu 200, maji ya limau nusu kijiko cha chai. Weka ute na sukari kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, bakuli lisiguse maji, na ukoroge mpaka mchanganyiko ufike nyuzi 71 na chembe za sukari zisisikike ukiusugua kati ya vidole. Ondoa, tia limau, piga kwa mashine dakika 7 hadi 10 mpaka ushuke joto na kusimama wima. Jaza mfuko wa kupambia wenye tundu la sentimita 1 hadi 1.5. Kamua duara pana, bila kuacha inua ukamue la pili dogo zaidi, kisha la tatu, na mwisho acha kukamua kabla ya kuvuta mfuko juu ili ncha ichongoke. Utapata 25 hadi 30 ya urefu wa sentimita 5. Kausha nyuzi 95 kwa saa moja na nusu hadi mbili, zima oveni, uiache humo mpaka ipoe. Macho ni ya chokoleti iliyoyeyushwa, yanadonolewa kwa kijiti baada ya mizuka kupoa.

*Panapoharibika.* Ute usiopanda una mafuta: tone la kiini, au bakuli la plastiki lililowahi kubeba siagi. Mizuka inayolala ubavu ilipigwa muda mfupi au ikakamuliwa ingali moto. Vitone vinavyonata vya rangi ya asali vikitokea juu, sukari haikuyeyuka. Rangi ya maziwa badala ya nyeupe inaonyesha oveni kali. Mipasuko inatokana na kufungua mlango mapema. Na unyevunyevu ndio adui mkuu, usio na dawa: sukari hunyonya maji ya hewani, na siku ya mvua mzuka uliokauka barabara huanza kunata ndani ya saa moja nje ya kopo.

*Kuhifadhi.* Wiki mbili kwenye kopo lisilopitisha hewa, kamwe si kwenye friji.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine ya kupigia mayai na hewa kavu, mwenye walaji wasiotumia ngano au maziwa (mradi chokoleti ya macho nayo iwe haina maziwa), na anayetaka watu wacheke kabla ya kula. Asiyekula mayai hana cha kuchukua hapa.

Ubavu kwa ubavu

Kwa muda wa kazi ya mikono, barmbrack inaongoza kwa wepesi: dakika 20. Keki za roho na mizuka zinachukua kama dakika 40 kila moja, na pan de muerto saa moja na robo. Ukihesabu na kusubiri, hali inabadilika. Keki za roho ndizo pekee zinazoanza na kumalizika ndani ya saa moja na nusu. Mizuka inataka saa nne hadi tano mpaka ipoe, pan de muerto saa tano hadi sita, na barmbrack usiku mmoja kabla na usiku mmoja baada.

Hewa ya joto na unyevu humwacha barmbrack bila wasiwasi, huziathiri keki za roho kidogo wakati wa kutandaza tu, humtesa pan de muerto kwenye siagi na kuumaliza mzuka kabisa. Kwa watoto jikoni, keki za roho na macho ya mizuka ndiyo kazi wanayoiweza. Bakuli la moto la meringi libaki kwa mtu mzima.

Na kuna ndoa moja ya jikoni isiyopaswa kupotea: keki za roho zinataka viini vitatu, mizuka inataka ute wa mayai matatu. Oka keki kwanza, kisha punguza oveni na uingize mizuka ikauke. Mayai matatu, trei mbili, bila kutupa kitu.

Kulingana na hali yako

Una jioni moja tu, na wageni wanakuja leo: keki za roho. Ikiwa hata friji imejaa, tandaza unga katikati ya karatasi mbili za kuokea kisha uweke dakika 15 kwenye jokofu la kugandisha, hutosha.

Unaandaa kwa ajili ya kundi litakalokaa pamoja mpaka usiku wa manane: barmbrack, iliyookwa siku moja kabla. Ikatwe mbele ya watu, vipande sawa na idadi yao, hadithi ya kila kitu ikielezwa kabla ya kisu kugusa mkate.

Unahitaji kusafirisha: keki za roho au barmbrack. Mizuka husafiri tu ikiwa imepangwa safu moja moja na karatasi laini ya jikoni katikati, nayo macho hukwaruzika.

Meza yako ina mtu asiyekula ngano: mizuka, iokwe kwenye karatasi mpya na kabla unga wa ngano haujaguswa siku hiyo, jambo linalomaanisha ile ndoa ya viini na ute uigeuze, mizuka itangulie.

Ni msimu wa mvua na hewa imelowa: usijaribu mizuka. Kama sura ya kutisha ni lazima, chukua unga wa keki za roho usio na zabibu, ukate maumbo ya mifupa, uyapunguzie oveni dakika tatu.

Unataka kujifunza mkono mpya na una siku nzima: pan de muerto, ukianza na mikate midogo minane ya gramu 125. Huiva kwa dakika 16 hadi 18, na ukikosea mifupa ya wa kwanza una mingine saba ya kujirekebisha.

Na ikiwa usiku wenyewe si wa kutishana bali wa kumkumbuka aliyeondoka: pan de muerto, mmoja mzima uwekwe kando ya picha yake bila kukatwa, na wa pili ugawiwe waliopo.